Uzi: Siku vyama vyote vya Canada vilipokubaliana kubana dhamana

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila siku humu ndani tunaimba wimbo mmoja: siku chama tawala na upinzani watakapoacha kurushiana vijembe wakakaa meza moja, sheria nzuri zitatoka zenyewe. Mimi nina mashaka na hilo, na nitatumia suala la dhamana kueleza kwa nini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Twende Ottawa, Jumatatu ya 18 Septemba 2023. Bunge la Canada limerudi kutoka mapumziko ya kiangazi. Dunia inaikumbuka siku ile kwa jambo lingine kabisa: Waziri Mkuu wa wakati ule, Justin Trudeau, alisimama bungeni akasema kuna tuhuma za kuaminika zinazohusisha mawakala wa serikali ya India na mauaji ya raia wa Canada. Waandishi wote wakahamia huko, na ndivyo ilivyokuwa kwenye televisheni mpaka usiku. Lakini siku hiyohiyo, ndani ya ukumbi uleule, muswada C-48 wa kubadilisha sheria ya dhamana ulivuka hatua zote za Bunge la chini. Ulihesabiwa umesomwa mara ya pili, umepita kwenye kamati, umesomwa mara ya tatu, umepitishwa. Liberal waliokuwa madarakani, Conservative ambao ndio upinzani mkuu, Bloc Québécois wa Quebec, NDP wa mrengo wa kushoto, Green, hakuna aliyepinga.

Kwa wasiojua utaratibu wao: njia hii inataka ridhaa ya kila mbunge aliyemo ukumbini. Akitokea mmoja tu akasema hapana, muswada unarudi kwenye foleni ya kawaida, wiki na miezi ya mjadala. Kwa hiyo tunazungumzia Bunge ambalo chama tawala hakikuwa hata na wabunge nusu, kinashikiliwa na makubaliano yake na NDP ya Machi 2022, na Conservative wanakishambulia kila uchao. Na bado mtu mmoja wa kusema hapana hakupatikana.

Kilichotangulia ni hiki. Tarehe 27 Desemba 2022, askari polisi wa Ontario aliitwa kwenda kuangalia gari lililoingia mtaroni karibu na mji wa Hagersville. Akapigwa risasi, akafa. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, tena hati ya kumkamata ilikuwa imeshatolewa kwa sababu hakufika mahakamani. Nchi ikawaka. Tarehe 13 Januari 2023 mawaziri wakuu wa mikoa yote 10 na wa maeneo yote 3 wakamwandikia Trudeau barua moja wakitaka dhamana ibanwe. Saini za wahafidhina wa Ontario na Saskatchewan zilikaa karatasi moja na ya NDP wa British Columbia na ya chama cha Quebec kinachoitetea Quebec kwanza. Mei 16 serikali ikaleta muswada, Septemba ukapita kama nilivyosema.

Sasa yaliyomo. Katiba yao, ule Mkataba wa Haki wa 1982, kifungu cha 11(e), inasema mtu aliyeshtakiwa asinyimwe dhamana ya kiasi bila sababu ya haki. Sheria ya jinai inataja sababu tatu tu za kumweka mtu ndani kabla ya hukumu: kuhakikisha atafika mahakamani, kulinda usalama wa watu, na kulinda imani ya wananchi kwa mfumo wa haki. Kwa kawaida kazi ya kueleza kwa nini mtu asitoke ni ya upande wa mashtaka. C-48 iligeuza kibao kwa kundi jingine la watu: mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la ukatili akitumia silaha, ambaye ndani ya miaka mitano iliyopita alishatiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo. Huyo sasa ndiye mwenye kumshawishi hakimu kwamba anastahili kutoka. Wakaongeza na makosa kadhaa ya bunduki, wakapanua kipengele cha wanaowapiga wenza wao.

Tazama hilo linavyoonekana chumbani. Mshtakiwa yuko kwenye skrini, anaunganishwa kutoka mahabusu. Zamani mwendesha mashtaka angeanza kusimama. Chini ya C-48 wakili wa utetezi ndiye anayeanza, na lazima awe na mpango mkononi: atalala wapi, nani ataishi naye, nani atapiga simu polisi akikiuka masharti. Mdhamini anapandishwa kizimbani na kuhojiwa kama shahidi. Una kazi gani? Unatoka saa ngapi? Ukiwa kazini nani anamwangalia? Kule mdhamini kwa kawaida hatoi hela mbele, anaahidi kiasi fulani ambacho anaweza kudaiwa mtu wake akikimbia. Biashara ya kulipiwa dhamana na kampuni kama Marekani haipo, na kumwahidi mdhamini kwamba utamrudishia hela yake ni kosa la jinai. Mwenye mama mwenye nyumba na muda anapata mpango mzuri. Asiye na mtu anakaa ndani.

Na hapo ndipo ninapogombana na ule umoja wa bungeni. Siku ile hakuna mbunge aliyemwita shahidi hata mmoja akamuuliza watu hao wasio na mtu ni akina nani. Tangu katikati ya miaka ya 2000, magereza ya mikoa ya Canada yana mahabusu wengi kuliko wafungwa waliohukumiwa. Wenyeji asilia ni karibu asilimia 5 ya watu wote wa nchi ile, lakini ni karibu theluthi moja ya wafungwa wa magereza ya shirikisho. Hizi ni takwimu za serikali yenyewe, na mbunge mmoja tu akisimama kuziuliza angepeleka muswada kamatini. Hakusimama.

Mtazamo wangu ni huu: kwenye dhamana, vyama hukubaliana haraka wanapobana, na hugombana wanapolegeza. Sababu yake ni hesabu ya siasa. Mbunge akipiga kura mtu atoke, kisha mtu yule akaua, picha ya marehemu itabandikwa kando ya jina la mbunge mpaka siku ya uchaguzi. Mbunge akipiga kura mtu abaki ndani, kisha mtu yule akaonekana hana hatia baada ya miezi minane, kazi imepotea, nyumba ya kupanga imepotea, hakuna gazeti litakalomtafuta mbunge. Hasara moja ina sura, nyingine haina. Ukiwapa vyama vyote hesabu hiyo watapata jibu moja.

Naendelea kwenye bandiko linalofuata.

Mleta mada

Sasa ushirikiano ninaoukubali mimi. Hauko kwenye bunge la taifa, uko kwenye jimbo la New Jersey, Marekani, ila una funzo.

Mwaka 2013 utafiti wa magereza ya jimbo lile ulikuta kwamba karibu asilimia 12 ya waliokuwa ndani walikuwa pale kwa sababu tu walishindwa kulipa dhamana ya dola 2,500 au pungufu. Na upande wa pili waendesha mashtaka walikuwa na malalamiko yao ya haki kabisa: kwa katiba ya jimbo, karibu kila mshtakiwa alikuwa na haki ya kupangiwa dhamana, hivyo jambazi mwenye fedha anatoka leo, mwizi wa dukani anabaki. Gavana alikuwa Chris Christie wa Republican, mwenyewe aliwahi kuwa mwendesha mashtaka. Bunge la jimbo lilikuwa la Democratic. Jaji Mkuu Stuart Rabner akaongoza kamati iliyokutanisha majaji, waendesha mashtaka na mawakili wa utetezi.

Wakauziana. Democratic wakapata kuondoa fedha kama kigezo cha kawaida cha kutoka. Republican wakapata mabadiliko ya katiba yanayomruhusu jaji kumweka ndani mtu wa hatari bila dhamana yoyote, baada ya kusikilizwa akiwa na wakili. Kila upande ulimeza kitu ambacho wafuasi wake hawakukipenda. Christie alisaini Agosti 2014, wananchi wakapiga kura ya katiba Novemba 2014, na mfumo haukuanza mpaka 1 Januari 2017. Miaka miwili na zaidi ya kuajiri watu wa kuwafuatilia walioachiwa na kuwafundisha mahakimu. Mpaka 2018 idadi ya mahabusu ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na mwisho wa 2015, na mfumo umesimama mpaka leo ingawa magavana na vyama vimebadilishana viti.

Linganisha na jirani yake New York. Mwaka 2019 Democratic peke yao waliweka mageuzi ya dhamana ndani ya kifurushi cha bajeti, bila kura ya upande wa pili. Ikaanza Januari 2020. Ikarekebishwa mwaka huohuo, ikarekebishwa 2022, ikarekebishwa tena 2023. Kila uchaguzi ni nyama ya kampeni.

Halafu kuna sadfa moja inanichekesha. Siku ileile ya 18 Septemba 2023 Ottawa walipokuwa wanabana, Illinois lilikuwa linaanza kuwa jimbo la kwanza Marekani kufuta kabisa dhamana ya fedha. Mpaka mmoja, Jumatatu moja, pande mbili za dunia.

Karibuni.

Nahodha_Mstaafu

Mkuu umeandika kitabu. Swali dogo tu: baada ya kubana, iliwatosha au haikuwatosha?

Mleta mada

Nahodha, sheria ilianza kazi 4 Januari 2024. Conservative walioipigia ndiyo hawakukaa kimya hata mwaka, waliendelea kudai kwamba mzizi wa tatizo ni sheria ya 2019, muswada C-75, iliyowataka polisi na mahakimu waanze na masharti mepesi kabla ya mazito. Oktoba 2025 serikali ya Mark Carney, aliyempokea Trudeau, ikaleta muswada mwingine wa kubana zaidi, C-14. Pima mwenyewe: kauli moja ya Bunge zima haikuweza kufunga mjadala hata miaka miwili na nusu.

Jicho Kavu

Nyie watetezi wa haki za wahalifu mnanishangaza. Askari ameuawa na mtu aliyetakiwa awe ndani. Unataka wabunge wasubiri nini? Semina? Mimi nikiwa mbunge nasema ndiyo kabla Spika hajamaliza sentensi. Mtaani jamaa anakamatwa Ijumaa, Jumatatu anakusalimia dukani. Shahidi gani atakwenda mahakamani?

Mleta mada

Jicho Kavu, hoja ya shahidi ni nzito na siipuuzi. Mtu anayetishia mashahidi ana sababu zote za kubaki ndani, na sheria ya Canada ilikuwa inaruhusu hivyo kabla ya C-48. Rudia mkasa wa Hagersville polepole. Mtu alishakosa kufika mahakamani, hati ya kumkamata ipo. Aliyekuwa anahitajika pale ni askari wa kwenda kumtafuta. Kugeuza mzigo wa hoja siku ya kusikiliza dhamana kunasaidia siku hiyo tu. Kufuatilia walioko nje ni kazi ya kila siku na inakula hela. Canada sheria ya jinai inatungwa na Bunge la taifa, lakini mahakama za dhamana, waendesha mashtaka na magereza ya mahabusu viko chini ya mikoa. Wale mawaziri wakuu 13 walioandika barua walikuwa wanaomba sheria kwa Ottawa wakati sehemu kubwa ya pengo iko kwenye bajeti zao wenyewe. Barua haikugharimu kitu.

Ndiyo maana nasema New Jersey walikuwa wakali kuliko Ottawa. Kule mtu wa hatari hana bei ya kutokea. Wewe ungeipenda ile sheria.

Jicho Kavu

Hiyo ya kutokuwa na bei naikubali. Ya semina siikubali.

Wakili wa Kona

Niongeze kitu, maana mjadala umeishia Amerika. Kwetu Afrika Mashariki mambo hayakufika bungeni kwa mtindo huo, yalikwenda zaidi kupitia katiba na mahakama.

Kenya waliliweka ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 49: mshtakiwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuwe na sababu za lazima. Hata wa mauaji anaomba. Ukitaka kulibana kwa sheria ya kawaida ya Bunge utagonga mwamba.

Tanzania ilikuwa kinyume: sheria yenyewe, kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliorodhesha makosa yasiyo na dhamana kabisa. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Hakimu hana cha kupima. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikakirudisha, kwenye kesi ya Dickson Sanga. Lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufani hiyohiyo ilikuwa imeshakiangusha kifungu cha 148(4), kile kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka nguvu ya kuzuia dhamana kwa kuweka hati tu mezani.

Uganda mwaka 2021 Rais Museveni alitaka washtakiwa wa makosa makubwa kama mauaji wasipate dhamana. Inahitaji kubadilisha Katiba, theluthi mbili ya wabunge. Chama chake kina viti vingi, mawakili wakapinga, na mabadiliko yale hayakuwa sheria. Wakati hayo yanasemwa, wabunge wawili wa upinzani, Ssegirinya na Ssewanyana, walikuwa rumande. Waliingia Septemba 2021, wakatoka kwa dhamana Februari 2023.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada: hesabu yako ya siasa inabadilika pale wabunge wenyewe wanapokuwa ndio wanaolala mahabusu?

Mleta mada

Wakili msomi, hilo ndilo swali lililonisumbua muda mrefu kabla ya kuandika.

Nadhani inabadilika, lakini nusu. Bunge la Ottawa hakuna mbunge anayeamka akiogopa kwamba kesho atanyimwa dhamana. Sheria ya dhamana kwao ni ya watu wengine. Ndiyo maana inapita kwa dakika chache. Kampala au Dodoma, mwanasiasa wa upinzani anaisoma kama mkataba wake mwenyewe, na wa chama tawala mwenye akili anajua upepo hugeuka. Ila kuna ujanja: wabunge wakijiona wao tu, watalegeza dhamana kwenye makosa ya kisiasa na kuacha mama aliyeshikwa na gongo akiozea rumande kwa kukosa wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa. Hofu ya mbunge inalinda mbunge. Siku zote muulize nani anabaki nje ya hiyo hofu.

Binti Machozi Kidogo

Samahani wakuu, mimi nimekwama kwenye jambo moja. Umesema Bunge la chini. La juu lilifanya nini? Si huwa wanasema Seneti ya Canada ni ya wazee wa kuteuliwa?

Mleta mada

Asante, hii ndiyo sehemu tamu na niliiruka.

Ni kweli, maseneta wa Canada hawachaguliwi na mtu, wanateuliwa na wanakaa mpaka miaka 75. Kila baada ya muda kunakuwa na kelele za kuwafuta. Muswada ulipofika kwao Septemba ile, wangeweza nao kuupitisha kwa dakika. Badala yake wakaupeleka kwenye kamati yao ya sheria na katiba, wakaita mashahidi, wakawasikiliza polisi, mawakili wa utetezi na watetezi wa haki za raia ambao ukumbi ule mwingine haukuwaita. Wakaurudisha na marekebisho: hakimu aeleze kwenye kumbukumbu za shauri namna alivyozingatia kama mshtakiwa ni mwenyeji asilia au ni wa kundi lililo katika hali ngumu. Kidogo tu, lakini sasa kuna maandishi ambayo wakili wa rufaa anaweza kuyashika. Ikasainiwa kuwa sheria 5 Desemba 2023.

Yaani waliochaguliwa walikubaliana, wasiochaguliwa wakauliza maswali. Siwatetei maseneta, utaratibu wa kuteuana una madhambi yake. Ila ukiniuliza tarehe 18 Septemba ni nani alifanya kazi ya mbunge, jibu ni kwamba kazi ile ilifanywa wiki kadhaa baadaye, kwenye jengo jingine, la Seneti.

Nahodha_Mstaafu

Sasa mkuu kama wewe ndiye Spika, ungezuia vyama visikubaliane?

Mleta mada

Nisingezuia. Ningekataa njia ya mkato kwa aina moja ya muswada tu: ule unaoongeza idadi ya watu wanaokaa ndani kabla ya hukumu. Huo uende kamatini hata kama wote wanaupenda, na serikali ilete mezani idadi ya mahabusu waliopo, wamekaa muda gani, na wangapi kesi zao ziliishia kufutwa. Wakishaziona namba hizo wakaendelea kusema ndiyo wote, sina ugomvi nao.

C-48 yenyewe ina kipengele cha Bunge kuipitia upya mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo ni mwishoni mwa 2028. Wakili wa Kona, ukibaki humu mpaka wakati huo, tuufufue uzi tuangalie ni wabunge wangapi waliosema ndiyo siku ile watajitokeza kukaa kwenye hiyo kamati.

Wakili wa Kona

Nitakuwepo. Ila weka dau dogo, maana wengine watakuwa wameshaukosa ubunge.